Meli inasimama visiwa vinne: tuingie majini wapi?

Maswali ya Safari, kutoka meza yetu ya Arusha. Mwezi huu barua za bahari zimezidi za mlima, nami nimezipokea kwa mikono miwili. Mtu aliyezaliwa Jibondo, Mafia, akahamia Arusha kupangia watu safari, hufika mahali akachoka kuulizwa habari za soksi za kupandia Kilimanjaro.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Rau, Moshi. Watoto wetu wamechanga wakatulipia mimi na baba yao safari ya meli ya kitalii mwanzoni mwa Disemba, kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Tunapandia Port Louis, Mauritius. Kutoka hapo meli inakwenda Victoria, Shelisheli, inakaa siku mbili, inashuka Nosy Be kule Madagaska, inapita Réunion, halafu inaturudisha Port Louis asubuhi na jioni yake tunapanda ndege. Binti yangu ametutumia orodha ya ziara za kila bandari, na karibu kila mahali wameandika kusnokeli, yaani kuelea uso ndani ya maji ukipumua kwa mrija. Anasema tuchague. Bei zake sasa! Ziara mbili tu ni mbuzi wa Krismasi pamoja na sikukuu yake yote. Mimi naogelea kidogo, nilijifunza nilipokuwa nafundisha Tanga. Mzee wangu haogelei kabisa, ila amekataa kubaki melini akichunga viti. Mimi navaa miwani ya macho. Yeye ana sharubu anazozipenda kuliko anavyonipenda mimi, na anatumia vidonge vya presha. Tuingie majini wapi, tuache wapi? Na tulipie ziara za meli au tutafute boti wenyewe?

JIBU: Shikamoo mama, na hongereni sana. Uamuzi wangu nautanguliza, ili mzee akitaka kusoma hapa tu aishie hapa. Pesa yenu itoeni Nosy Be. Victoria msiende mbali, visiwa vya Sainte Anne vinatosha. Réunion ni zamu ya mzee, kwa kuwa pale anaweza kusimama. Mauritius msinunue chochote cha meli, nina mpango mwingine wa siku ya mwisho.

Vipeperushi vya meli vinauza samaki, na samaki wa kwenye picha ni walewale kila bandari: kitatange wa njano, kasa mmoja, na msichana anayecheka huku mrija umemning'inia shavuni. Kwa picha hamtachagua. Sisi tuliokulia kisiwani hatuanzi kwa kuuliza wapi pazuri. Tunauliza upepo unatoka wapi, maji yanavuta kwenda wapi, na mtu akichoka atatokea wapi. Penye samaki wa kawaida na maji yaliyotulia mtakaa mpaka mfukuzwe. Penye matumbawe yanayosifiwa dunia nzima lakini wimbi linawarusha, mtameza maji mara mbili na mzee atarudi botini kudai chakula.

Halafu kuna saa. Tuseme meli inafika saa mbili asubuhi na inawataka mmerudi saa kumi na nusu jioni. Mnaona ni siku nzima. Toeni muda wa kushuka, ambao kwenye bandari isiyo na gati la meli kubwa ni foleni ya boti ndogo za kuwavusha. Toeni barabara, kwenda na kurudi. Toeni chakula cha mchana walichokitia humo ili bei ipande. Kinachobaki majini huweza kuwa dakika arobaini, na kumi kati ya hizo mzee anatafuta kiatu. Kwa hiyo binti yako akiwaandikia watu wa meli asiulize kama ni pazuri, hakuna atakayemwambia ni pabaya. Aulize watu wanakaa majini dakika ngapi. Wanaingia kutoka ufukweni au wanaruka kutoka botini? Mwongozaji mmoja anaangalia watu wangapi? Boti ina ngazi? Hilo la ngazi asiliache. Kuingia baharini kila mtu anaweza. Kazi ni kurudi botini: mapezi miguuni, miaka sitini na kitu mgongoni, na wimbi linaipeleka ngazi huku na huku. Magoti huumia hapo.

Sasa twende bandari kwa bandari. Victoria mtafika upepo wa Shelisheli umekwisha kugeuka au unageuka, unaanza kuvuma ule wa kaskazini-magharibi ambao huendelea hadi Machi. Upepo huo unaipiga Beau Vallon uso kwa uso, na Beau Vallon ndiko kila dereva wa teksi atataka kuwapeleka, maana ni karibu na ufukwe wenyewe kweli mzuri. Mngekuwa mnasafiri Julai, upepo ukitoka kusini-mashariki, ningesema nendeni huko bila kufikiri. Disemba geukeni upande wa pili. Hifadhi ya bahari ya Sainte Anne iko mashariki, mbele ya bandari, na milima ya Mahé, kisiwa chenyewe kilichobeba Victoria, inaukinga upepo huo. Imekuwa hifadhi tangu mwaka 1973. Visiwa vyake mnaviona mkiwa gatini, boti haichukui muda, na mkikuta maji yamechafuka siku ya kwanza mna siku ya pili.

Ila msiende mkitarajia bustani ya rangi zote. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa sana ya matumbawe ya visiwa hivi, na mwaka 2016 likarudi tena wakati yameanza kuinuka. Kinachopendeza sasa Shelisheli, kwa macho yangu, ni samaki wanaozunguka majabali ya graniti, makubwa kama yale ya Mwanza, yaliyoshuka mpaka majini. Ukielea kando ya jabali taratibu bila kupiga mateke, pono wanakuja kukwangua mwani hadi unawasikia wakitafuna.

Kwa kuwa mna siku mbili, mtashawishiwa kupanda feri kwenda kisiwa cha Praslin. Kwenda peke yake ni kama saa nzima. Mkienda, nendeni kwa ajili ya msitu wa Vallée de Mai na ile minazi yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani, mpige picha za wajukuu, na habari ya kusnokeli muiache siku hiyo. Ukivichanganya vyote viwili unarudi hujaona hata kimoja.

Nosy Be sasa. Meli itatia nanga mbele ya mji wa Hell-Ville na mtavushwa. Ziara ya kununua ni ya Nosy Tanikely, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa juu, kati ya Nosy Be na Nosy Komba, kama kilomita kumi kutoka mjini. Ni hifadhi, hawavui hapo. Kasa wapo, lakini sikupeleki kwa sababu ya kasa. Nakupeleka kwa sababu mnaingia kwa miguu yenu. Mnakaa kwenye mchanga, mnavaa mapezi, mnarudi kinyumenyume mpaka maji yafike kiunoni, mnalala. Matumbawe hayako mbali na hapo. Mzee akichoka anageuka tu, ufukwe uko nyuma yake, hakuna ngazi wala kelele za nahodha.

Chagueni ziara ya asubuhi. Msimu huo mvua hupenda kuja baada ya jua kupinda, na upepo wa alasiri huyavuruga maji. Kuna ziara zinazowapitisha kwanza Nosy Komba kuwatazama lemuri, kununua vitambaa vya mezani na kula, halafu ndipo Tanikely. Hizo kwa mtu anayetaka maji ni kinyume. Tafuteni inayoanzia majini. Mtaona pia Nosy Sakatia kwenye orodha, ambako kasa huja kula majani ya bahari. Ni pazuri, lakini ni upande wa pili wa Nosy Be, na kwa siku ya meli mtaikalia barabara.

Réunion ni sehemu ya Ufaransa lakini haimo ndani ya Schengen, lile eneo la Ulaya la visa moja, kwa hiyo habari ya visa yake iulizwe mapema, msije mkakitazama kisiwa kutoka sitahani. Bandari iko kaskazini-magharibi, na maji yaliyokingwa na mwamba yako pwani hiyohiyo ya magharibi, L'Ermitage na La Saline. Ndani ya mwamba kina ni kifupi, sehemu nyingi mtu anasimama. Mtasikia habari za papa, na si uvumi. Kuanzia mwaka 2011 watu kadhaa walishambuliwa, na mwaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea nje ya maji hayo ya ndani na maeneo yenye ulinzi. Ndani ya mwamba wanaoga mpaka watoto.

Mimi pale ninachokiogopa ni mlango, yaani pale mwamba unapokatika na maji ya ndani yakatoka kwenda bahari kuu. Maji yanavuta kuelekea huko pole pole, juu shwari kabisa, na mtu anayetazama samaki uso chini hatambui mpaka ainue kichwa. Wekeni alama ufukweni, mti au mwavuli, na kila baada ya muda mfupi inueni vichwa mwitazame. Ikiwa imesogea, ninyi ndio mmesogea. Ulizeni mlango uko wapi kabla ya kulowa, na muupe kisogo. Jambo jingine la maji mafupi ni kwamba watu husimama popote. Mwambie mzee asimame kwenye mchanga tu. Tumbawe analolikanyaga limechukua miaka mingi kukua, na wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu hukaa humohumo kwenye nyufa. Viatu vya majini au raba kuukuu, lazima.

Mauritius sasa. Watawauzia Blue Bay kama ziara ya siku nzima. Pazuri? Ndiyo. Ni hifadhi ya bahari, na mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Lakini iko kusini-mashariki na meli iko Port Louis, kaskazini-magharibi, kwa hiyo mnakata kisiwa kizima kwenda na kurudi. Tazameni ramani vizuri: uwanja wa ndege uko kusini-mashariki hukohuko, jirani na Blue Bay. Ninyi mnashuka melini asubuhi na ndege ni jioni. Mkodishe dereva mmoja kwa siku nzima, mizigo ikae ndani ya gari pamoja naye, awapitishe Blue Bay, muoge, mle, kisha awafikishe uwanjani. Mzee akiwa amechoka na maji, zipo boti zenye kioo chini. Kusnokeli hakuna sharti la kungoja saa kadhaa kabla ya kuruka, sharti hilo ni la wanaozamia na mitungi ya hewa. Bebeni tu mfuko wa nailoni wa nguo mbichi. Hapo kando ni Pointe d'Esny, ilikokwama meli ya mizigo iitwayo Wakashio tarehe 25 Julai 2020 ikamwaga kama tani 1,000 za mafuta. Msishangae dereva akianza hadithi hiyo bila kuulizwa.

Kuhusu nani wa kumlipa: Nosy Be na Réunion chukueni ya meli, ingawa ni ghali. Ziara ya meli ikichelewa, meli inawangoja. Boti yenu wenyewe ikichelewa, mtaipungia mkono meli ikiondoka na nguo zenu ndani. Victoria mnaweza kutafuta boti ya mjini kwa kuwa ni karibu na meli inalala. Blue Bay ni yenu wenyewe, hakuna meli ya kuwahi.

Sasa kazi ya nyumbani, mwalimu. Msiende kujifunza kupumua kwa mrija Madagaska kwa bei ya mbuzi. Nendeni kwenye chemchemi ya Chemka. Kutoka Boma Ng'ombe mnashuka ile barabara ya vumbi ya Rundugai, maji ni vuguvugu na safi hadi mnaona mizizi ya miti chini. Nendeni siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi vijana wanaruka na kamba na mtapigwa mateke ya kichwa. Kaeni pembeni kwenye maji ya kiunoni, mbali na pale yanapotokea kwa kasi. Kodini tairi la kuelea.

Siku ya kwanza msiogelee. Vaeni miwani, shikeni mrija kwa meno bila kuuma sana, inameni uso ndani ya maji mkiwa mmesimama, na mpumue. Kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mtu wa mara ya kwanza huvuta pumzi fupi fupi za haraka, kichwa kinamzunguka, anaamini hakuna hewa, na hapo ndipo anaporuka juu. Nilimpeleka baharini mpagazi mmoja, kijana wa Marangu, mtu wa kubeba kilo ishirini mpaka kambi ya Barafu huku anaimba. Tone moja la maji lilipomwingia mrijani alitoka mbio ufukweni, na maji yalikuwa ya kifuani. Nguvu hakupungukiwa, alikosa mazoea. Basi zoezi la pili ni hilohilo: acheni maji yaingie mrijani makusudi, kisha mpulize kwa nguvu mara moja, kama mtu anayepuliza moto uliogoma. Mzee akiweza hilo mara nyingi mfululizo bila kuinua uso, amemaliza shule. Kisha alale juu ya maji ameshika tairi. Maji matamu hayambebi mtu kama ya chumvi, kwa hiyo akielea Chemka, baharini atajiona mwepesi.

Miwani ya kuzamia nunueni yenu, msitegemee ya kukodi. Lazima ifunike pua. Zile ndogo za kuogelea zinazoning'inia soko la Memorial hapo Moshi kwenye mitumba zinaacha pua nje, hizo ni za bwawani. Kujaribu, usivae mkanda: ibandike usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikiganda ni yako. Ikidondoka, mrudishie muuzaji. Ukiwa umesuka, hakikisha hakuna rasta hata moja iliyolala chini ya mpira kwenye paji la uso, maji hupita hapohapo. Sharubu nazo hupitisha maji. Kuna wanaozipaka mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato, na husaidia. Kunyoa husaidia zaidi, lakini hilo la ndani ya nyumba siliingilii. Miwani yako ya macho haiwezi kukaa ndani, mikono yake itaachia nafasi. Zipo za kuzamia zenye lenzi za namba, mwagize binti yako namba zako aulizie huko aliko. Au uvae lenzi za kubandika, kama umezizoea.

Memorial hiyohiyo tafuteni fulana za kubana za mikono mirefu, kila mmoja yake. Mgongo wa mtu anayeelea uko juani muda wote, na weusi wetu hauzuii kuungua, hasa nyuma ya magoti. Fulana ni bora kuliko krimu, ambayo nusu yake inabaki majini.

La presha si la kwangu. Mzee amuulize daktari wake wa kliniki, na asiseme tu kwamba anasafiri. Aseme wazi kwamba ataingia baharini, atapumua kwa mrija na atapiga miguu. Daktari akikataa, Tanikely ina kivuli na mchanga, atakutazama wewe. Akikubali, avae jaketi la kuelea kila mara, hata pale anaposimama, na mshikane mikono. Miaka arobaini mmeshazoea.

SWALI: Habari kaka. Sisi ni watu kumi na wawili wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Kijenge, Arusha. Mwezi wa nane tunakwenda Unguja na tuna siku moja tu ya boti. Mwenye boti wa Forodhani anasema tuchague vituo viwili kati ya visiwa vya Changuu na Bawe, na fungu la mchanga la Nakupenda. Mmoja wetu anang'ang'ania Mnemba, anasema bila Mnemba hujafika Zanzibar. Tunakaribia kugombana.

JIBU: Mwezi wa nane ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na kusi ndiyo inayoamua, si huyo mwenzenu. Mnemba iko kaskazini-mashariki, wazi kwa bahari kuu. Kutoka mjini ni zaidi ya saa nzima kwa gari mpaka Matemwe au Muyuni, kisha boti inayorushwa, na mkifika mnakuta boti nyingine nyingi zimefunga palepale. Watu kumi na wawili wa Arusha, nusu yao hawajawahi kupanda boti, watatapika kabla ya kuona samaki. Mwenzenu arudi Oktoba au Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza. Wakati huo nitampeleka mimi mwenyewe na sitabishana naye.

Kaeni upande wa mjini, ni upande wa demani msimu huo, Unguja yenyewe inawakinga. Changuu ni ya kobe wakubwa, wale ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli. Kama watu wenu wanataka kobe, sawa, ila kwa maji chukueni Bawe na Nakupenda.

Mpangilio wake utategemea mwezi, mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hapa kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti hufika mita nne hivi. Siku kama hiyo anzeni Nakupenda. Fungu liko wazi asubuhi, mtapiga picha na kula matunda, na kadiri maji yanavyopanda fungu linapotea chini ya miguu yenu. Hapo ondokeni kwenda Bawe, maji yanajaa, yanaleta maji safi ya nje, na mwamba una kina cha kutosha mtu asikwaruze tumbo. Mkigeuza, Bawe asubuhi, mtakuta mwamba umekauka nusu na maji meupe kama maziwa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, nendeni mnavyotaka. Mwenye boti anayajua haya yote kuliko mimi, ila anapanga kwa jinsi wateja wake wengine walivyopangwa. Mwambie tu, "Bamvua ni lini?" Ataelewa kwamba hampakizwi kama viazi.

Na kabla ya kumlipa, hesabuni jaketi za kujiokolea. Kumi na mbili ziwe botini, zionekane kwa macho, si "zipo nyumbani".

SWALI: Nimeagiza mtandaoni ile miwani ya kuzamia inayofunika uso mzima, unapumua kwa pua na mdomo bila kuuma mrija. Imefika hapa Usa River. Wenzangu wananicheka. Ni salama?

JIBU: Wasikucheke, inaonekana raha na kwa mtu anayechukia kuuma mpira inavutia. Lakini mimi siwapi wateja wangu. Mrija wa kawaida ukiingia maji unautema, basi, mdomo uko huru. Hii imefungwa kichwani kwa mikanda, na mtu aliyeshtuka hapati mikanda haraka. Ya bei rahisi iliyotengenezwa ovyo nayo inaweza kukurudishia hewa uliyokwisha kuitoa, ukapumua hiyohiyo mpaka kichwa kizito. Nyingi pia hazikuruhusu kubana pua, kwa hiyo ukijaribu kuzama kidogo tu masikio yatakuuma.

Kama pesa imeshatoka, fanya hivi. Ijaribu nyumbani ukiwa kwenye kochi, uivae robo saa ukipanda na kushuka ngazi. Ukianza kuhema, iuze. Usipohema, ivae kwenye bwawa penye maji ya kifua na ujizoeze kuivua kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, mpaka mkono wako ujue mkanda ulipo. Baharini uitumie pale tu unapoweza kusimama, na usiizamie. Na ukienda Chemka usiivae siku ya watoto wengi. Watataka kuijaribu wote, na hutaiona tena hadi jioni.